Jinsi ya Kupogoa Bogonvilia

Bogonvilia, mmea wa kutambaa unaopamba nyua na varanda za Malindi, Watamu na Kilifi, asili yake ni Amerika Kusini. Rangi yake inatokana na majani maalumu. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati. Huchanua kwenye matawi machanga, hivyo usipopogolewa hujaa miti na kupungukiwa maua.

Wakati mzuri ni maua yakishapukutika.

1. Vaa glavu nene na viatu vya kufunika vidole.
2. Ondoa matawi makavu, kisha punguza yaliyochanua kwa thuluthi moja, ukikata juu kidogo ya jicho.
3. Mmea wa chunguni uweke juani. Mwagilia udongo wa juu ukikauka.
4. Vipande vilivyokomaa, unene wa penseli na urefu wa sentimita 15, vinaweza kupandwa vikawa miche.

Wakazi wanakumbushwa wasitupe matawi njiani. Miiba hata ikikauka huchoma nyayo za watoto na kutoboa magurudumu ya tuktuk. Ua lililo kwenye kona lisizibe macho ya madereva. Tawi likigusa nyaya za umeme, usiliguse. Ijulishe Kenya Power.