Ufunguo wa Kusoma na Ufunguo wa Kuandika

Wadogo zangu, leo sogeeni karibu, maana barua niliyonayo mkononi imenikaa moyoni tangu juzi. Imetoka Bahi, nami nimeifupisha kidogo.

"Dada, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Kijana wetu mmoja aliyemaliza chuo ametufungulia wiki, na daftari letu lote sasa tunalisoma kwenye simu: zamu za maji, hisa, mikopo, mfuko wa jamii, hata maelezo ya mbegu. Wote tunaingia kwa nenosiri moja. Mwezi uliopita mtu alibadilisha zamu za maji, na mpaka leo hatujui ni nani. Hazikupita siku nyingi, habari za mama mmoja aliyesaidiwa na mfuko wa jamii zikafika gulioni. Sasa mwenyekiti anataka kurasa zote zifungwe na nenosiri abaki nalo yeye peke yake. Wengine wanasema turudi kwenye madaftari. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana.

Wasomaji wengine wakisikia wiki wanahesabu siku saba, kwa hiyo niseme kidogo. Wiki ni kurasa za mtandaoni ambazo wasomaji wake wanaweza pia kuziandika na kuzisahihisha. Jina limetoka kwenye lugha ya Hawaii, maana yake haraka, na Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyefungua ya kwanza mwaka 1995. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wengi wanaifahamu, ni wiki pia, nayo ipo tangu 2003.

Turudi Bahi. Mwenyekiti ana hofu ya kweli, lakini dawa anayoitaka si ya ugonjwa huu. Mmepatwa na mambo mawili, naye anayatibu kama moja. Zamu ya maji iliharibiwa na aliyeandika. Yule mama aliumizwa na waliosoma. Kilichoandikwa vibaya tunakifuta, tunaandika upya, na maji yanarudi kwenye jaruba la mwenye zamu. Lakini habari ya mtu ikishasomwa na asiyehusika, hakuna wa kuitoa kichwani mwake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hili nimelijua kwa uchungu. Zamani nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Siku moja wanachama wakataka nisome mahesabu yote, mstari kwa mstari, ili kila kitu kiwe wazi. Nikasoma. Nikafika kwenye jina la mwenzetu mmoja, nikasoma kiasi alichopewa na mfuko wa jamii, na kwa sababu nilikuwa nimeandika, nikasoma na ugonjwa alioenda kutibiwa. Nilipoinua macho alikuwa amevuta kanga mpaka usoni. Kikao kilichofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, na bado nilimkosea. Kikundi kilikuwa na haki ya kujua fedha iliyotoka. Ugonjwa haukuwahusu.

Ndiyo maana napenda sana akili iliyo kwenye sanduku la vikundi vya hisa. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea mpaka huku kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelitunza nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Kitabu cha mwanachama hugongwa mhuri mbele ya macho ya wote. Kabla ya kutawanyika, salio la mfuko hutangazwa, kila mmoja hulishika kichwani, na kikao kijacho huulizwa kabla pesa hazijahesabiwa. Walioruhusiwa kuandika ni wachache, wanaolijua salio ni wote. Hapo ndipo uaminifu unapokaa, na wiki yenu ijengwe hivyo hivyo.

Anza na jambo moja: lile nenosiri la wote life leo. Kila mwanachama awe na akaunti yake. Wiki hutunza historia ya kila ukurasa: nani kabadilisha, saa ngapi, kafuta nini, kaweka nini, na toleo la jana linaweza kurudishwa. Lakini watu wote wakiingia kwa jina moja, historia itakuonyesha jina hilo moja tu. Ndiyo sababu mmeshindwa kumjua aliyegusa zamu.

Kisha kaeni kikao, mpitie ukurasa mmoja mmoja kwa maswali mawili. Nani ausome? Nani auandike?

Ukurasa wa mbegu, magugu na wadudu uacheni wazi, kila mwanachama aandike. Mkulima aliyepanda mbegu ya SARO 5 mwaka huu ana jambo la kumwambia mwenzake. Akikosea atasahihishwa, maana penye wengi hapaharibiki neno.

Ukurasa wa zamu za maji wote wausome, lakini waandike watu watatu mliowachagua. Mwenye malalamiko aandike kwenye ukurasa wa majadiliano ulio pembeni yake, huo ubaki wazi. Mnajua wenyewe mpunga ukiwa unatoa mashuke halafu maji yakakosekana siku mbili, ugomvi wake unavyofika hadi kwa watoto. Zamu ionekane na wote, kila saa.

Hisa na mikopo: jumla ya kikundi isomwe na wanachama wote, aandike mweka hazina na katibu. Deni la mtu mmoja mmoja litunzwe kwa namna mliyokubaliana kikaoni, lisiwe la kila mwenye simu.

Mfuko wa jamii: andikeni kiasi kilichotoka na tarehe. Jina na sababu vibaki kwenye daftari la karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Utaniuliza, kwani ukurasa huo hauwezi kufichwa ndani ya wiki? Sikiliza vizuri, maana hapa wengi wanateleza. Programu nyingi za wiki, hata MediaWiki inayoendesha Wikipedia, zilitengenezwa kwa ajili ya uwazi. Kumzuia mtu asiandike, zinaweza vizuri. Kuifunga wiki nzima ili asiye na akaunti asisome, zinaweza pia, na ninyi fanyeni hivyo. Lakini kumficha mwanachama ukurasa mmoja kati ya kurasa anazozisoma ni kama kuziba tundu moja kwenye pakacha. Maneno yanaweza kuchungulia kwenye utafutaji, kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni au kwenye ukurasa mwingine uliounganishwa nao. Siri nzito isiwekwe humo kabisa. Na hili lina sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini Tanzania tangu Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo kwenye zile zinazotakiwa kulindwa zaidi.

Sasa nenosiri la mwenyekiti. Mpe kisa hiki kwa heshima, ukiwa na mzee mmoja anayemsikiliza. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alikuta Wikipedia ya Kiingereza imeandika uongo mzito juu yake, na uongo huo ulikuwa umekaa miezi minne. Wikipedia haikufunga milango yote. Iliamua kwamba kwa Kiingereza, anayetaka kuanzisha ukurasa mpya awe amejiandikisha kwanza. Kurasa zinazochokozwa sana hulindwa, mara nyingi kwa muda, na wasomaji huendelea kuzisoma. Wanaopewa kazi ya kulinda kwenye Wikipedia ya Kiswahili wanaitwa wakabidhi. Jina zuri: wamekabidhiwa, hawamiliki. Ninyi wekeni wakabidhi watatu, mmoja wao awe mwanamke, na anayeondoka kwenye uongozi aondolewe ruhusa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akibaki na ufunguo peke yake, siku zamu ikibadilika tena yeye ndiye atakayeshukiwa. Funguo tatu zinamlinda hata yeye.

Lakini kabla ya kikao, mdogo wangu, na kabla ya kugusa kitu chochote, nenda nyumbani kwa yule mama. Nenda jioni, mkono usiwe mtupu. Muombe radhi kwa niaba ya kikundi. Muulize ni maneno yapi hasa yaliyomuumiza. Kisha mwambie kijana wenu asiishie kuyafuta kwenye ukurasa, kwa sababu yatabaki kwenye historia. Ayafiche na matoleo yote ya nyuma yenye maneno hayo, kazi ambayo mkabidhi wa wiki anaweza kuifanya, nawe uwe umekaa naye mpaka amalize.

Mimi sikuenda kwa mwenzangu wiki ile. Nilisubiri aje kikaoni ndipo niseme naye, na hakuja tena. Wewe nenda leo.

Wako akupendaye,
Dada