Asubuhi Anatujua, Jioni Ametusahau

SOMO LA AFYA NYUMBANI

Leo tujifunze juu ya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Madaktari huuita demensia. Siyo kila mzee huupata. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu walipima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Waliona kuwa wazee kama 6 katika kila 100 wanao. Basi ugonjwa huu uko kwetu, siyo Ulaya tu.

Tuchukue mfano

Tuseme hapa Chumbageni yupo babu aliyekata mkonge ujanani. Asubuhi amekaa barazani. Anaitikia shikamoo, anamtaja kila mjukuu kwa jina, anauliza bei ya samaki. Jua likikaribia kuzama anasimama, anadai kisu chake aende kukata mkonge. Mwanawe akimshika mkono, babu anauliza, "Wewe nani?"

Nyumba nzima inagombana. Mmoja anasema, "Babu anajifanya. Mbona asubuhi alitujua?" Mwingine anasema, "Amerogwa."

Wote wawili wamekosea.

Kwa nini hali hubadilika?

Ubongo wa mgonjwa umeharibika, lakini siyo wote. Akiwa amelala vizuri, ameshiba, na mahali pametulia, sehemu iliyobaki hufanya kazi vizuri zaidi. Akichoka, akiwa na njaa, au penye giza na kelele, hushindwa. Ndiyo maana wengi huchafuka jioni. Tena iko demensia ya namna moja, iitwayo ya Lewy, ambayo hubadilika sana hata katika siku moja. Mgonjwa wake huweza kuona watu ambao hawapo.

Sisi wa pwani tunajua maji kupwa na kujaa, na mvuvi anajua saa yake. Ugonjwa huu hauna kalenda hiyo. Saa nzuri siyo dalili ya kupona, na saa mbaya siyo ukaidi.

Mabadiliko ya ghafla ni hatari

Mzee akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, au akisinzia mno, msiseme, "Ndiyo maradhi yake hayo." Huenda ana malaria, nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo, au amepungukiwa maji mwilini. Huenda hata dawa anazotumia zimemdhuru. Haya yanatibika. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, na dawa zake mzichukue. Ikilazimu, wataalamu watampeleka Hospitali ya Bombo.

Tufanye nini nyumbani?

1. Kuoga, kula na kupokea wageni viwe katika saa zake nzuri.
2. Jioni washeni taa mapema, punguzeni sauti ya redio.
3. Msimpime kwa kumwuliza, "Unanijua mimi?" Jitajeni: "Shikamoo babu, ni mimi mjukuu wako."
4. Msibishane naye. Akitaka kisu, mwulizeni habari za mkonge, kisha mpeni chai.
5. Pokezaneni kumtunza. Kazi hii isiachiwe mama mmoja peke yake.

Dole gumba na karatasi ya shamba

Hapa tuwe macho. Wako watu wanaongoja saa mbaya, mzee atie dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema mtu ambaye akili yake huja na kuondoka anaweza kufanya mkataba wakati akili yake ni timamu. Ni lazima aelewe jambo lenyewe, na aweze kupima litamfaa au litamdhuru. Asipoelewa, mkataba huo hauna nguvu.

Kwa hiyo msimnyime mzee neno lake. Mwulizeni matakwa yake katika saa nzuri, mbele ya wanawe wote na mashahidi. Aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Na wewe ndugu uliyejifunza kusoma, isome karatasi hiyo kwa sauti, mara mbili, kabla wino haujagusa kidole.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini babu aliwajua watu asubuhi, akawasahau jioni?
2. Ni wakati gani tusingoje, tumpeleke mzee zahanati?
3. Nyumbani kwenu, nani anamtunza mzee, na nani anampokea?
4. Mtu akileta karatasi jioni, mzee amechanganyikiwa, mtamjibu nini?