Kukadiria Alama Kabla ya Mtihani wa Leseni

Kila unapokaribia mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, wahitimu hapa Mwanza huniuliza swali lile lile: "Daktari, nitafaulu?" Wengi huwa wamekwisha kujipa jibu kwa kuhesabu maswali waliyoyaona mepesi. Hesabu hiyo haiaminiki. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi walioshika nafasi za chini katika majaribio yao walijiona wako juu ya wastani.

Ipo njia iliyo bora, nayo yahitaji penseli tu. Chukua maswali 100 ya mazoezi ambayo hujapata kuyaona. Maswali uliyoyarudia mara tatu hupima kumbukumbu ya karatasi, si elimu. Kando ya kila jibu andika H ukiwa na hakika, M ukisitasita kati ya majibu mawili, B ukibahatisha. Tuseme umeandika H 50, M 30 na B 20, na kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Mtahiniwa hujumlisha upesi: 50, nusu ya 30, na robo ya 20, jumla 70. Sasa sahihisha. Ikiwa M na B zimetoka kama ulivyotarajia, lakini katika H 50 ni 40 tu zilizo sahihi, makadirio yashuka hadi 60. Hata 60 hiyo si namba ya kushikilia, kwani kwa maswali 100 bahati pekee yaweza kukusogeza alama tisa hivi juu au chini. Basi sema "kati ya 51 na 69". Alama ya kufaulu ikiwa imo humo, ungali na kazi.

Mimi hushughulishwa zaidi na zile H 10 zilizokosewa. Huku Kanda ya Ziwa malaria tunaijua sote, na pengine ndiyo sababu makosa yake huandikiwa H. Mtahiniwa anaandika kwamba kila mgonjwa wa malaria kali hupewa sindano ya artesuneti miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anastahili miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 10 angepata 24 badala ya 30. Aliyeandika B angefungua mwongozo wa tiba au kumwuliza mwenzake wa zamu. Aliyeandika H huvuta dawa na kuendelea. (Nanyi wagonjwa, mkimwona mhudumu akifungua kitabu mbele yenu, msimdhanie kuwa hajui kazi.)

Hizo H zilizokosewa ziandikwe katika daftari la peke yake, zisomwe kabla ya mada nyingine yoyote. Baada ya wiki mbili jipime tena kwa maswali 100 mapya, uzihesabu upya.