Kipanya Kinachokatakata

Kipanya kisicho na waya kikianza kukatakata, mara mshale waenda, mara wasimama, wengi hukimbilia betri mpya. Si vibaya kuanza na betri. Lakini ikiwa ni nzima na taabu ingalipo, tazama kile kipokezi chake kidogo kama ukucha kimechomekwa wapi.

Kipanya hiki husema na kompyuta kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hivi, tena kwa nguvu ndogo mno. Basi matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi ni ya buluu kwa ndani, pamoja na vyombo vilivyochomekwa humo, hutoa kelele za redio katika masafa yale yale vinapopitisha habari. Kampuni ya Intel iliandika juu ya jambo hili mwaka 2012. Kwa hiyo mwanafunzi anayenakili kazi yake kwenye diski ya nje, na kipokezi ki tundu la jirani, huona mshale umeganda. Kunakili kukiisha, kipanya chapona chenyewe, naye hudhani kompyuta ina shetani. Asichomoe diski kwa hasira, maana faili laweza kuharibika na kazi ya wiki nzima ikapotea. Angoje imalize.

Kisha ahamishie kipokezi upande wa pili, hasa penye tundu la USB 2, au akitie kwenye waya wa kurefushia, kikae mezani karibu na mkono. Wenye kompyuta za mezani hupenda kukichomeka nyuma ya sanduku. Sanduku lenyewe ni la chuma, nalo huzuia mawimbi.