Kadogo au Kilo? Piga Hesabu ya Sabuni ya Kufulia Kabla Hujalipa

Jumamosi asubuhi beseni liko nje, nguo zimelowekwa, na mtoto ametumwa dukani: "Leta kadogo mbili za sabuni, mwambie mwenye duka namtumia pesa saa hii." Shilingi 20 zinatoka kwa simu. Katikati ya wiki, tena 20. Kwa sababu zinatoka kidogo kidogo, ni rahisi kusahau kwamba sabuni ni gharama ya nyumba kama unga au tokeni za stima.

Leo tunapiga hesabu ya sabuni pamoja. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Weka zile za duka lako mahali pake.

1. Soma gramu, usisome ukubwa wa pakiti

Pakiti inaweza kuonekana kubwa na ndani kuna hewa. Pia kuna wakati bei inabaki ileile lakini gramu zinapunguzwa. Kwa hivyo tafuta gramu zilizoandikwa kwenye pakiti, fungua kikokotoo cha simu yako, kisha gawanya bei kwa gramu na uzidishe kwa 100. Utapata bei ya gramu 100.

Tuseme kadogo ya gramu 30 ni shilingi 10. Hiyo ni kama shilingi 33 kwa gramu 100. Tuseme pakiti ya kilo moja ni shilingi 260. Hiyo ni shilingi 26 kwa gramu 100. Hapa kilo ni nafuu.

Lakini usidhani ni hivyo kila mara. Wakati wa ofa, pakiti ndogo inaweza kushinda kubwa. Hesabu ndiyo itakuambia ukweli.

2. Angalia unatumia kiasi gani kwa wiki

Tuseme kwako mnafua mara 2 kwa wiki, kadogo 2 kila mara. Hizo ni kadogo 4, yaani gramu 120 na shilingi 40 kwa wiki. Kilo moja itakufikisha wiki 8 na kidogo. Wiki 8 za kadogo ni shilingi 320, na kilo ni 260. Umeokoa shilingi 60.

3. Usiache kipimo dukani

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Kadogo ina kitu kizuri kimoja: inakupimia. Ikiisha, imeisha. Kilo ikiingia nyumbani, mkono unakuwa mwepesi. Unamwaga kwa macho, ukiona povu ni kidogo unaongeza.

Ukimwaga gramu 80 badala ya 60 kila unapofua, kilo itaisha baada ya wiki 6 hivi. Kadogo za muda huo zingekugharimu kama shilingi 250. Wewe umelipa 260. Umenunua kwa wingi na bado umepata hasara, kwa sababu ya gramu 20 tu za ziada!

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kutupa kadogo ya mwisho, imimine kwenye kikombe kikavu cha plastiki na uweke alama ya kalamu pale sabuni ilipofika. Hicho ndicho kipimo chako. Kila anayefua hapo nyumbani akitumie.

Na povu lisikudanganye. Povu jingi halimaanishi nguo zimetakata zaidi, na litakumalizia maji ya kusuuza.

4. Fanya sabuni ifanye kazi zaidi

- Loweka nguo chafu kabla ya kuzifikicha. Uchafu ukilegea, unahitaji sabuni kidogo.
- Tumia maji ya sabuni kwa zamu: anza na nguo nyeupe, halafu za rangi zisizochuja, kisha matambara na doormati.
- Sabuni ya kipande ikatwe vipande na kukaushwa siku kadhaa kabla ya kutumiwa. Ikikauka vizuri haiyeyuki haraka. Iweke mahali maji yanapochuja, usiiache ndani ya beseni.
- Maji ya kisima yenye madini mengi hula sabuni ya kipande na kuacha utando kwenye nguo. Mvua ikinyesha, kinga maji. Maji ya mvua ni laini na yanahitaji sabuni kidogo.

5. Tafuta pesa ya kilo bila kujiumiza

Tunajua kwamba watu hununua kadogo kwa sababu shilingi 260 hazipatikani kwa mara moja, hasa mwezi ukiwa kwa kona. Kwa hivyo zikusanye polepole kwenye simu.

Ukiloweka vizuri na kushuka kutoka kadogo 4 hadi 3 kwa wiki, umebakisha shilingi 10. Ongeza 20 zako, na utakuwa ukiweka 30 kwa wiki kwenye akaunti ya akiba ya simu. Wiki ya 9 utakuwa na 270. Ukishirikiana na jirani wa ploti na kugawana kilo kwa mizani ya dukani, kila mmoja anahitaji 130 tu, na wiki 5 zinatosha.

Usichukue mkopo wa simu ili ununue sabuni kwa wingi. Ada ya mkopo inaweza kula zile 60 zote. Vilevile, usitoe pesa kwa wakala ili ukalipe keshi ikiwa duka linapokea malipo ya simu, maana ada ya kutoa nayo inatoka kwenye akiba yako. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha jina la duka ni lile unalolijua, na uangalie ada.

6. Siku ya kununua kilo, anza kuweka ya kilo ijayo

Kosa la mwisho ni hili: kilo inaisha, pesa hakuna, unarudi kwa kadogo. Kuanzia wiki ya kwanza, weka shilingi 35. Ni chini ya zile 40 ulizokuwa ukitumia. Baada ya wiki 8 utakuwa na 280, na kilo ya pili itakuwa imejilipia.

Kabla ya kulipa, angalia pia alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti. Unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwa 20023. Sabuni feki si nafuu hata ikiwa bei ni nusu.

Kazi ya wiki hii

Shilingi 60 kwa miezi miwili si utajiri, tunakubali. Lakini hesabu hiihii inafaa kwa mafuta ya kupikia, sukari na majani chai, na zote zikijumlishwa si pesa ya kudharau. Kwa hivyo fungua orodha ya malipo kwenye simu yako, jumlisha ulichotumia kwa sabuni mwezi uliopita, na ukiandike mahali. Mwezi ujao jumlisha tena, kisha linganisha.