Kengele ya Moshi Ikilia Bila Moto

Siku hizi kengele za moshi zimeanza kuonekana hata katika nyumba za kupanga. Lakini tukitembelea familia tunakuta nyingi zimeachwa wazi, betri imetolewa. Ukiuliza, unaambiwa, "Ilikuwa inatusumbua." Hebu basi tujifunze inasema nini inapolia.

Ikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika moja, haijaona moshi. Inalia njaa: betri inaisha. Mara nyingi huanza usiku wa manane, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri, halafu jua likitoka inanyamaza. Usidhani imepona. Nunua betri ya aina iliyoandikwa kwenye kengele yenyewe. Nyingi hutumia ile ya mraba ya volti 9. Umeweka mpya na bado inalia? Itoe, finya kitufe cha kujaribia kwa sekunde 15 hivi, pangusa vile vyuma vinavyogusa betri, uirudishe. Ikiendelea, soma tarehe ya kutengenezwa, iko mgongoni. Ikiwa imepita miaka 10, hakuna betri itakayoisaidia. Tafuta kengele nyingine.

Ikilia mfululizo, kwanza kagua nyumba yote, maana huenda moto upo kweli! Usipouona, chanzo ni mafuta ya kukaanga, mvuke wa maji moto, vumbi, au mdudu aliyeingia ndani. Pangusa kwa brashi laini. Usinyunyize dawa ya wadudu, na fundi wa rangi asiipake rangi (wanapenda sana). Iwe mbali na jiko, kama mita 3.

Na anayeishi chumba kimoja, jiko na kitanda pamoja? Tusidanganyane, itamlilia kila jioni. Ndiyo sababu kule Cape Town, baada ya moto wa Khayelitsha wa Januari 2013, vijana wa Lumkani walitengeneza kifaa kinachopima joto badala ya moshi.

Jambo moja linatutia hofu zaidi. Kengele ya moshi haitambui kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya makaa, ambayo ina kengele yake tofauti. Makaa yaliyoiva hayana moshi, na hewa hiyo haina harufu. Kwa hiyo kengele inaweza kunyamaza kabisa huku watu wanakufa usingizini. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata ile baridi ya Julai.