Kufundisha Sikukuu ya Dini Nyingine: Msafara wa Kandy

Mwalimu afundishapo juu ya dini isiyofuatwa na wanafunzi wake hana budi kuepuka makosa mawili: kuifanya kichekesho na kuihubiri. Njia iliyo salama ni kuwaongoza watoto wautambue utaratibu wa jambo na sababu zake. Msafara wa Esala, mjini Kandy katika kisiwa cha Sri Lanka, ni mfano mwema.

Maelezo kwa Mwalimu

Kila mwaka, baina ya Julai na Agosti, msafara huu hupita usiku katika barabara za Kandy kwa siku kumi. Hufanywa kwa heshima ya jino ambalo Wabudha huamini kuwa la Buddha, lililohifadhiwa katika hekalu la mji huo. Hapo kale ulikuwa msafara wa miungu Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini. Baadaye Mfalme Kirti Sri Rajasinha aliamuru jino litangulie, na misafara ya miungu hiyo ingali hufuata nyuma.

Wapiga mijeledi hutangulia kutangaza ujio wa msafara. Hufuata wabeba bendera, wapiga ngoma, wachezaji, na ndovu waliovishwa nguo za nakshi. Ndovu mkuu mwenye pembe hubeba kikasha, naye hutandikiwa kitambaa cheupe asikanyage ardhi tupu. Jino lenyewe halitoki hekaluni. Kikasha hicho huwa badala yake. Ndovu aliyeitwa Raja aliifanya kazi hiyo miaka mingi hadi uzee wake. Alikufa mwaka 1988.

Hatua za Somo

1. Onyesha Sri Lanka katika ramani, kusini mwa Bara Hindi.

2. Waulize wanafunzi juu ya misafara waijuayo, kama ya Maulidi au Jumapili ya Matawi. Nani hutangulia? Kwa nini?

3. Simulia msafara wa Kandy, kisha wanafunzi waupange ubaoni kwa zamu. Wasiigize ubebaji wa kikasha. Ibada ya watu si mchezo wa darasani.

4. Mtoto akicheka na kusema, "Wanaabudu ndovu," usimkaripie. Mwulize: "Ndovu huyo amebeba nini?" Kwa swali hilo atatambua mwenyewe kwamba kitambaa kile hutandikwa kwa ajili ya mzigo.

Tathmini

Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya msafara huo. Katika kusahihisha, mwalimu ajiulize: mtoto wa Kandy akisomewa maneno haya, je, ataona ameelezwa au amedhihakiwa?